Uchu Una Saa Yake: Mwongozo Kamili wa Kula Vizuri Huku Chipsi Zinanukia Jirani

Banda la chipsi liko hatua kumi na mbili kutoka kwenye cherehani yangu, hapa soko la Mlango Mmoja, Mwanza. Nimezihesabu. Saa tano kasoro kijana anaanza kukata viazi, saa tano na robo mafuta yameshachemka kwenye karai, na muda si mrefu harufu inapita juu ya mitumba yote mpaka puani mwangu. Mate yanajaa kabla hata sijainua kichwa.

Kwa miaka niliamini shida yangu ni kukosa msimamo. Siku moja nesi alinipima presha mara mbili, akaandika 148 kwa 94, akaniambia nipunguze chumvi, mafuta na sukari. Mama yangu mzazi ana kisukari, kwa hiyo sikuhitaji kuelezwa mara ya pili. Nilitoka pale nimeazimia kabisa. Azimio likafika saa kumi na moja jioni, stendi ya Igoma, mbele ya beseni la maandazi ya moto, likaishia hapo.

Nimeanza upya mara nyingi kabla sijaelewa jambo hili ninalotaka kukueleza: uchu una saa yake, una mahali pake na una njia unayopita. Ukingoja kupambana nao mbele ya karai, umechelewa. Kazi kubwa inafanyika mapema, kwenye sufuria ya asubuhi, kwenye njia unayopita kwenda nyumbani, na kwenye saa unayolala. Hatua zilizo hapa chini ndizo ninazoishi nazo. Baadhi nilizipata kwa kusoma, nyingine kwa kukosea.

Kwanza, njaa na uchu si ndugu

Njaa inapanda taratibu na haichagui. Ukiwa na njaa ya kweli, kiporo cha ugali na maharage kinakutosha na unashukuru. Uchu unakuja ghafla na unajua unachotaka: chipsi, tena zenye chumvi, tena za pale kwa fulani.

Kwa hiyo kipimo changu ni kiporo. Najiuliza, "Sasa hivi ningeletewa kiporo cha ugali na maharage ningekula?" Jibu likiwa ndiyo, hiyo ni njaa, na njaa dawa yake ni kula, usijitese. Jibu likiwa "hapana, nataka chipsi tu", huo ni uchu, na unahitaji mbinu nyingine. Wakati mwingine ni kiu tu, hasa Septemba jua linapowaka juu ya mabati. Kunywa glasi ya maji kwanza, ujue unashughulika na nini.

Uchu si tabia mbaya. Ubongo unajifunza kuunganisha ishara na raha. Ivan Pavlov wa Urusi alionyesha zaidi ya miaka mia moja iliyopita kwamba mbwa hutokwa mate kwa ishara tu iliyozoea kutangulia chakula, hata chakula chenyewe kisipokuwepo. Kwangu mimi ishara ni kisu cha yule kijana kikigonga ubao. Nikilijua hilo, naacha kujilaumu na kuanza kuangalia ni ishara zipi zinaniita.

Hatua ya 1: Andika kwa siku saba bila kubadili chochote

Watu wengi huruka hatua hii, na mimi naiona kuwa ndiyo yenye faida kuliko zote. Nilichukua daftari langu la vipimo vya wateja, nikageuza kurasa za nyuma, nikachora safu nne: saa, mahali, nilichotamani, na mlo uliotangulia. Haya ni baadhi niliyoandika:

Jumatatu, 5:20 asubuhi, kazini. Chipsi. Kabla: chai, andazi moja.

Jumatatu, 11:40 jioni, stendi. Maandazi. Kabla: soda, sambusa mbili.

Jumatano, 4:00 usiku, nyumbani. Kitu kitamu, chochote. Kabla: wali kidogo saa moja. Watoto wamelala, nashona gauni la harusi.

Alhamisi: hakuna.

Hiyo Alhamisi ndiyo iliyonifundisha. Banda la chipsi lilikuwa pale pale, harufu ile ile, na mimi sikuhangaika. Nilipoangalia safu ya nne nikakuta asubuhi nilikula kiporo cha wali na maharage, sahani nzima, kwa sababu kilikuwa kimebaki kingi. Nikahesabu wiki yote: uchu mara kumi na tatu, na mara tisa kati ya hizo zilikuja siku nilizoanza na chai na andazi.

Daftari lako litasema mambo yake. Dereva wa bodaboda atakuta uchu wake uko kwenye foleni ya kusubiri abiria. Mwalimu atakuta uko kwenye kikapu cha vitumbua kinachopita ofisini saa nne. Wanawake wengi watakuta unaongezeka siku chache kabla ya hedhi, na hiyo ni kawaida; andika ili mwezi ujao usikushtue. Usijihukumu unapoandika. Andika tu.

Hatua ya 2: Shiba kabla saa yake haijafika

Kati ya mwaka 1944 na 1945, huko Minnesota, Marekani, mtafiti Ancel Keys aliwapa wanaume 36 wenye afya karibu nusu ya chakula walichozoea, kwa takribani miezi sita. Walikuwa wamejitolea kwa hiari. Baada ya muda chakula kikatawala mawazo yao: wakawa wanakiota, wanasoma vitabu vya mapishi, wanakusanya maelekezo ya kupika vyakula ambavyo hawakuruhusiwa kula. Walikuwa watu wa kawaida, na njaa ndiyo iliyowafikisha hapo.

Ndiyo maana nasikitika nikimsikia dada anasema, "Mimi ili nipungue nimeacha kula mchana." Anayeruka mlo wa mchana anaupa uchu wa jioni nguvu yeye mwenyewe.

Asubuhi yako iwe na kitu kinachokaa tumboni, yaani protini na nyuzinyuzi, ambavyo havimeng'enywi haraka kama unga mweupe na sukari. Hapa kwetu hatukosi. Maharage ya jana na viazi vitamu. Mayai mawili ya kuchemsha na kipande cha muhogo. Uji wa ulezi uliotiwa maziwa na karanga za kusagwa. Michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyopikwa na karanga, au matobolwa, vile vinavyochemshwa kabla ya kukaushwa, na maziwa mgando kama wazee wetu wa Kisukuma walivyokula kabla ya kwenda shamba. Wao hawakutoka nyumbani na chai ya rangi.

Mchana na usiku, nusu ya sahani iwe mboga za majani: mchicha, matembele, majani ya maboga, mlenda, nsansa (majani ya kunde yaliyokaushwa) kama unayo. Robo iwe ugali au wali. Robo iliyobaki iwe samaki, dagaa, maharage, choroko au nyama. Usifute ugali kabisa. Nilijaribu, na siku ya nne nilikula chapati nne kwa mkupuo. Badala yake nilihamia dona, ambayo imebaki na pumba na kiini cha mahindi, na inashibisha kuliko sembe.

Lakini kilichonisaidia kuliko vyote ni kopo la dagaa. Nalibeba kazini kila siku, kwa hiyo nieleze vizuri ninavyoandaa, maana ukikosea utakula mchanga.

Nunua dagaa wa ziwa waliokauka vizuri, wanaong'aa rangi ya fedha, wasio na harufu kali ya kuoza. Mwaloni Kirumba utawapata kwa wingi. Mimi huenda Jumamosi asubuhi. Toa vichwa. Mimina maji ya uvuguvugu kwenye beseni, tia dagaa, koroga kwa mkono, kisha watoe dagaa kwa kuwachota juu juu kwa vidole, uwahamishie beseni lingine. Usimwage maji ukiwa umewazuia dagaa kwa kiganja, kwa sababu mchanga umetulia chini na utarudi wote. Rudia mara nne, mpaka chini ya beseni uone pako safi. Watandaze kwenye ungo juani wakauke maji.

Kisha bandika kikaango kikavu, bila mafuta, moto mdogo. Tia dagaa, geuza bila kuacha kwa dakika nane hadi kumi, mpaka ukimvunja mmoja alie "kach". Epua, kamulia ndimu wakiwa bado moto, nyunyiza pilipili na chumvi kidogo sana. Wakipoa weka kwenye kopo lenye mfuniko. Kiganja kimoja saa nne asubuhi, pamoja na maji, na ile saa tano na robo inapita nikiwa nimetulia. Unapata protini, unapata madini ya kalsiamu kwa sababu unakula na mifupa, na ule mvunjiko mdomoni ambao nilikuwa nikiufuata kwenye chipsi umo.

Hatua ya 3: Lala

Mwaka 2004 watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walichapisha matokeo ya vijana wa kiume 12 waliolala kwa muda wa saa nne tu kila usiku, kwa usiku mbili. Homoni ya ghrelini, inayoamsha njaa, ilipanda kwa asilimia 28. Leptini, inayoutuliza mwili kwamba umeshiba, ikashuka kwa asilimia 18. Hamu yao ilielekea zaidi kwenye vitamu, vyenye chumvi na vya wanga.

Nilipolisoma hilo nilikumbuka Jumatano ya daftari langu na lile gauni la harusi. Sasa kazi za usiku nazikataa ikipita saa nne. Mteja anayetaka nguo kesho namwambia kesho kutwa.

Hatua ya 4: Badili njia, badili nyumba

Ukishajua saa na mahali, ondoa ishara unazoweza kuziondoa. Mimi niligeuza cherehani. Zamani nilikaa nikitazama banda. Sasa nimeligeuzia mgongo. Harufu bado inafika, lakini sioni tena chipsi zikichotwa na kumiminwa chujioni, na kwangu hilo lilipunguza sana.

Stendi ya Igoma nashukia kituo kimoja kabla na kutembea. Dakika chache zaidi, na beseni la maandazi silioni. Kama huna njia nyingine, vuka barabara upande wa pili. Nauli iweke mfuko wake peke yake, na hela nyingine iwe ndani ya mkoba, mahali pa kusumbuka kuitoa. Na simu ikiwa na salio la pesa, kumbuka kwamba muuzaji wa siku hizi anakwambia "tuma tu", kwa hiyo ile kinga ya zamani ya kutokuwa na hela mfukoni haitoshi.

Nyumbani, kisichokuwepo hakikuiti saa nne usiku. Biskuti za "wageni" niliacha kununua. Wageni wanapewa karanga na ndizi, na hakuna aliyelalamika. Sababu yangu ni hii: mwaka 2019 mtafiti Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za Marekani waliwaweka watu wazima 20 mahali pamoja kwa mwezi, wiki mbili wakila vyakula vilivyosindikwa sana kiwandani, wiki mbili vyakula vya kawaida, wakiruhusiwa kula watakavyo. Kwenye vile vya kiwandani walikula takribani kalori 500 zaidi kila siku, na uzito ukapanda karibu kilo moja. Milo yote iliandaliwa ikiwa na kiasi sawa cha sukari, mafuta na chumvi. Kwa hiyo pakiti ikikushinda, usidhani ni wewe peke yako.

Sokoni nenda umeshakula. Hilo halihitaji maelezo.

Hatua ya 5: Zile dakika ishirini

Hata ukifanya yote hayo, kuna siku uchu utakuja. Alan Marlatt, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Washington aliyefanya kazi na watu wanaoacha pombe, alifundisha kuutazama uchu kama wimbi: unajikusanya, unapanda, unafika kileleni, unavunjika. Sisi wa ziwani mfano huu tunaujua kwa macho. Kaa karibu na Jiwe la Bismarck siku yenye upepo utazame. Hakuna wimbi linalobaki limesimama.

Mara nyingi uchu unalegea ndani ya dakika ishirini hivi, mara nyingine mapema zaidi. Ninavyofanya ni hivi.

Ukianza, nautaja kwa jina kimoyomoyo: "Huu ni uchu wa chipsi." Naangalia saa. Najiambia naweza kula, ila saa sita kasoro dakika ishirini na tano. Sijakataa, nimesogeza tu. Ukijikataza kabisa akili inakaa palepale kwenye kile ulichokatazwa.

Nakunywa maji nusu lita taratibu. Kisha nasikiliza mwilini uchu umekaa wapi. Kwangu uko chini ya taya na kwenye ulimi, tumbo halihusiki kabisa, na kuliona hilo tu kunaupunguza.

Halafu naipa akili picha nyingine. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Plymouth, Uingereza, waligundua kwamba dakika tatu za kucheza Tetris, ule mchezo wa kupanga vipande, zilipunguza nguvu ya hamu. Maelezo yao ni kwamba uchu unaishi kwa picha tunazochora kichwani, na mchezo huo unajaza nafasi ileile. Mimi sina haja ya mchezo, nachukua kola ngumu ya kukata, inayotaka macho na hesabu. Wewe chukua bao, draft, hesabu za mauzo, chochote kinachotaka macho. Redio haitoshi, inaacha macho bure.

Kama unaweza kutoka, tembea kwa kasi dakika 15. Huko Exeter, Uingereza, watu waliozoea kula chokoleti, waliotembea hivyo kabla ya kukaa mezani kufanya kazi, walikula karibu nusu tu ya chokoleti waliyokula wenzao waliopumzika. Mwanza ni mji wa vilima na mawe. Panda kidogo kuelekea Mabatini uone kama bado unafikiria maandazi.

Muda ukifika najiuliza upya. Mara nyingi nimeshasahau. Mara nyingine bado naitaka, na hapo naenda hatua inayofuata.

Hatua ya 6: Tafuta uchu unataka nini hasa, uupe kilicho karibu

Uchu wa utamu kwetu wengi unaanzia kwenye chai. Piga hesabu nami. Vikombe vinne kwa siku, vijiko vitatu vya chai kila kimoja, ni vijiko 12, karibu gramu 48. Shirika la Afya Duniani linashauri sukari ya kuongezwa isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na ikiwezekana ishuke chini ya asilimia 5, ambayo kwa mtu mzima wa kawaida ni kama gramu 25. Umeshafika karibu mara mbili ya hizo 25 kabla ya kugusa soda. Chupa moja ya soda ya mililita 350 inaweza kubeba gramu 35 na zaidi. Soma maandishi ya ubavuni, kisha gawa kwa nne upate vijiko.

Usiache sukari kwa siku moja. Punguza nusu kijiko kila wiki mbili, ulimi unazoea bila kugundua. Ongeza mchaichai, tangawizi, iliki au mdalasini, kwa sababu harufu inaufanya ulimi uhisi utamu. Mimi nilitoka vijiko vitatu hadi kimoja kwa miezi miwili, na sasa chai ya harusini siimalizi.

Kwa utamu wa mchana kula tunda zima. Machungwa ya Ukerewe, nanasi, papai, ndizi mbivu, embe msimu wake ukifika. Zima, narudia. Juisi imeacha nyuzinyuzi kwenye chujio, na kwenye glasi moja kuna machungwa matatu ambayo usingeyala kwa pamoja. Tende mbili na karanga chache zinanivusha ile saa nne ya usiku.

Uchu wa chumvi na mafuta nimeshakupa dagaa. Ongeza karanga za kukaanga bila chumvi, mahindi ya kuchoma, muhogo wa kuchoma na ndimu na pilipili. Chumvi yote ya siku isizidi gramu 5, yaani kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa, na ndani yake hesabu ile iliyo kwenye viungo vya pakiti unavyotia kwenye mchuzi.

Viazi vyenyewe si adui. Vikate, vichemshe mpaka viive nusu, mwaga maji, pakaza vijiko viwili vya mafuta kwa kilo nzima, tandika kwenye sufuria nzito, funika, weka makaa machache chini na mengi juu ya mfuniko kama unavyooka keki. Dakika 25, ukigeuza mara moja. Watoto wangu wanaviita "chipsi za mkaa" na wanavigombania.

Uchu wa soda mara nyingi ni uchu wa kitu baridi. Maji yenye vipande vya tango na ndimu, yakikaa kwenye jokofu au kwenye mtungi, yanatosha siku nyingi. Uchu wa nyama nao husema ukweli mara nyingine: angalia kama siku tatu zilizopita umekula protini kweli, au ni wali na mchuzi tu.

Hatua ya 7: Kula ulichokitamani, kwa siku yake, ukiwa umekaa

Ijumaa mimi nakula chipsi. Nasubiri siku hiyo, naifurahia. Kijana ananijua, ananiuliza, "Mama, leo zege au kavu?" Namwambia kavu, yaani bila mayai, nusu sahani, kachumbari nyingi, chumvi nitie mwenyewe. Anaziweka kwenye sahani, nakaa kwenye benchi, naacha simu mkobani, nakula moja moja.

Zamani nilikula kwenye kifungashio huku nikikanyaga cherehani, na nilipomaliza nilikuwa sikumbuki ladha. Sasa chache zinanitosha, kwa sababu mdomo umepata nafasi ya kuzionja. Vipande vitatu vya kwanza ndivyo vitamu kuliko vyote. Baada ya hapo utamu unashuka, utaona ukitulia.

Na Jumapili ni sato. Nikimkaanga anakunywa mafuta. Nikimchoma, au nikimchemsha na nyanya, vitunguu, ndimu na bamia, ladha ya samaki yenyewe ndiyo inayobaki. Sato mbichi wa asubuhi, macho yake yakiwa bado angavu na mashavu mekundu, haombi mafuta.

Hatua ya 8: Watu

Huku kwetu chakula ni upendo. Ukipita watu wanakula utaambiwa "karibu", na jibu lake ni "asante, starehe", hakuna atakayekushika mkono. Kugumu ni kwa mama mkwe, au kwenye kikao cha harusi soda zinapogawiwa. Kwa mama mkwe mimi sikatai. Napokea, nakula kidogo, nasifu, na nasema, "Mama, nesi kaniambia presha." Tangu nilipomwambia, yeye mwenyewe ananitengea mlenda. Kwenye vikao naomba maji kabla kreti halijafunguliwa.

Mume na watoto waambie unachofanya, ila usiwageuzie nyumba gerezani. Mume wangu anakula maandazi yake. Nilichomwomba ni asinisukumie sahani akisema "chukua moja tu".

Ukiteleza

Utateleza. Msiba, safari, mwisho wa mwezi. Mlo unaofuata uwe wa kawaida, palepale, usingoje Jumatatu. Usiruke mlo ili kulipia, maana umeshasoma habari za wale watu 36. Fungua daftari uandike kilichotangulia, na mara nyingi utakuta ni usingizi au mlo ulioruka.

Pale ambapo si uchu wa kawaida

Kama una kisukari na unatumia insulini au vidonge vinavyoshusha sukari, kisha ghafla unatetemeka, jasho linatoka, moyo unakwenda mbio na unataka kitamu, usingoje dakika ishirini hata kidogo. Hiyo inaweza kuwa sukari imeshuka. Kunywa sukari vijiko vya chai vitatu hadi vinne kwenye maji, sasa hivi, pima baada ya dakika 15, rudia kama bado iko chini, kisha kula chakula. Mtu akizimia usimtie kitu mdomoni, mkimbize hospitali.

Ukitamani udongo, au kutafuna barafu au mchele mbichi, nenda ukapimwe damu. Uchu wa namna hiyo huambatana mara nyingi na upungufu wa madini ya chuma, hasa kwa wajawazito. Najua udongo unauzwa sokoni umekatwa vipande vizuri, na wengi wetu mama zetu walikula. Lakini udongo uliopimwa kwenye maeneo ya wachimbaji wadogo wa dhahabu mkoani Geita ulikutwa na madini yenye sumu kama arseniki, na udongo unaweza pia kubeba mayai ya minyoo. Kliniki wanatoa vidonge vya madini chuma. Mwambie nesi ukweli, hatakushangaa.

Kiu isiyoisha, kukojoa mara kwa mara na kupungua uzito huku unakula sana ni sababu ya kupima sukari wiki hii hii. Na kama unakula kwa siri mpaka unaumia, au unajitapisha baadaye, zungumza na daktari au mshauri. Mwongozo kama huu hautoshi kwa hilo na haukuandikwa kwa ajili yake.

Uanze vipi

Wiki ya kwanza ni daftari tu. Kula kama ulivyozoea, hata maandazi, lakini andika. Wiki ya pili badili asubuhi peke yake. Mchana na usiku uache. Wiki ya tatu punguza nusu kijiko cha sukari kwenye chai na uchague njia moja ya kubadili, kituo au kiti. Wiki ya nne andaa kopo lako la dagaa au karanga, na uchague siku ya kula kile unachokipenda.

Ukienda Mwaloni kwa ajili ya dagaa, fika kabla ya saa tatu, jua halijawa kali na akina mama bado wanatandaza. Mwambie unataka wa kukaanga bila mafuta. Atakuchagulia wadogo, na ukimwamkia kwa Kisukuma "mwangaluka, mayu", yaani habari za asubuhi, mama, huenda akakuongezea kiganja.